Jinsi ya Kumpima Mbwa Minyoo ya Mapafu: Faneli, Maji ya Vuguvugu na Sampuli za Siku Tatu

Maswali ni yale yale. "Mbwa wangu nampa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, mbona bado anakohoa?" "Choo chake kimepimwa, hakuna kitu. Si basi hana?" "Mbwa wangu halali nje, konokono atampatia wapi?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, aghalabu nikiwa nimesimama na kazi nyingine inanisubiri, na jibu la haraka kwenye ugonjwa huu huishia kumdhuru mbwa. Kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye mbwa unayetaka kuchukua sampuli itakayofaa, na wewe unayeanza kazi kwenye maabara ya mifugo na hujawahi kufunga faneli ya Baermann, yaani faneli yenye maji ya vuguvugu inayotenga mabuu kutoka kwenye kinyesi. Hatua ya 1 hadi ya 3 zinawahusu wote. Kuanzia ya 4 ni kazi ya mwenye hadubini.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama mbwa wako anahema kwa shida hata akiwa amelala, fizi zimepauka au zimegeuka bluu, damu inatoka mahali na haikomi, au ameshikwa na degedege, usikae kukusanya vinyesi vya siku tatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Vipimo vitafanyika huko huko.

Unamtafuta nani hasa

Jina "minyoo ya mapafu" limebeba minyoo kadhaa isiyofanana. Wa kuogopwa zaidi ni Angiostrongylus vasorum. Pamoja na jina lake, akishakomaa haishi ndani ya mapafu yenyewe, bali kwenye ateri zinazopeleka damu mapafuni na kwenye upande wa kulia wa moyo. Crenosoma vulpis hukaa kwenye njia za hewa na kuleta kikohozi cha muda mrefu. Oslerus osleri hutengeneza vinundu pale koromeo la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Yupo pia Eucoleus aerophilus, ila huyo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi bila kuanguliwa, kwa hiyo njia ninayoeleza hapa haimkamati. Anatafutwa kwa kuelea mayai kwenye maji yenye chumvi nyingi.

Mzunguko wa A. vasorum unatosha kuuelewa kwa maneno machache. Jike hutaga ndani ya damu. Mayai hukwama kwenye mishipa myembamba ya mapafu, huanguliwa hapo, na mabuu hutoboa na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mbwa hukohoa, humeza makohozi yake, na mabuu hutoka na kinyesi. Konokono au koa akila kinyesi hicho, mabuu hukua ndani yake mpaka hatua ya tatu. Mbwa akimla huyo konokono au koa, ameambukizwa. Chura naye aliyekula koa anaweza kumpitishia.

Yashike mambo mawili hapo. La kwanza, buu aliyetoka na kinyesi leo hawezi kumwambukiza mbwa mwingine moja kwa moja. Lazima apitie kwa konokono au koa. (Oslerus ndiye anayevunja kanuni hii: mama huwapa watoto wake mabuu kwa mate anapowalamba.) La pili, kuanzia mbwa anapomeza koa hadi mabuu kuonekana kwenye kinyesi, mara nyingi hupita siku 38 hadi 57, na wapo wanaozidisha hapo. Katika muda huo wote mbwa anaweza kuwa anaumwa, na kinyesi chake kikawa hakina kitu.

Ugonjwa unavyosambaa, na kwa nini usiseme "kwetu haupo"

Mnyoo huyu alielezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa katika karne ya 19, ndiyo maana wazee wa taaluma walimwita mnyoo wa moyo wa Ufaransa. Uingereza, kwa miaka mingi alijulikana kwenye vipande vichache tu, hasa kusini mwa Wales na kusini-magharibi mwa England. Madaktari wa maeneo mengine walimhesabu kuwa si shida yao. Kisha akaanza kuonekana nje ya vipande hivyo, na mwaka 2009 ikatolewa taarifa ya mbwa mgonjwa Scotland. Kule Kanada amejikita Newfoundland. Amepatikana pia Brazili na Uganda.

Anayembeba ni nani? Mbweha mwekundu ni hazina yake kubwa: anaugua kidogo, anazunguka sana, na kinyesi chake hakiokotwi na mtu. Mbwa wanaosafiri na wenye nyumba ni njia nyingine. Unyevu na joto la wastani huwapa konokono na koa msimu mrefu wa kuzaana. Kwa hiyo unapomhoji mwenye mbwa usiishie kuuliza mnakaa wapi. Uliza mbwa alitoka wapi, amesafiri wapi katika mwaka uliopita, na kama ana tabia ya kutafuna majani, kunywa maji ya madimbwi au kubeba midoli iliyolala nje. Koa wachanga ni wadogo kuliko punje ya mchele. Mbwa anayekula nyasi zenye umande anaweza kuwameza bila wewe wala yeye kujua.

Usingoje kikohozi

Kikohozi, kuchoka mapema na kuhema haraka ndizo dalili ambazo watu wengi wanazijua. Lakini A. vasorum huvuruga pia kuganda kwa damu, na wapo mbwa ambao dalili yao ya kwanza ni damu: puani, kwenye fizi, chini ya ngozi, ndani ya jicho, au kidonda cha upasuaji mdogo kisichokauka. Damu ikivuja kwenye ubongo au uti wa mgongo, utaona mbwa anayumba, anapooza miguu au anaanguka degedege. Na wapo wasioonyesha chochote kwa muda mrefu.

Niliwahi kuletewa jike wa mwaka mmoja na nusu kwa ajili ya jicho. Weupe wa jicho la kushoto ulikuwa umejaa damu kama mtu aliyepigwa ngumi, na mwenyewe aliapa kwamba hakuna aliyemgusa. Kukohoa, hakohoi. Tulipomchoma sindano kuchukua damu, pale palipochomwa pakaendelea kutoa matone muda mrefu huku tumebana kwa pamba. Kinyesi cha siku ya kwanza: hakuna kitu. Cha siku ya pili: hakuna kitu. Cha siku ya tatu kilikuwa na mabuu saba kwenye tone moja. Kama tungeishia siku ya kwanza angerudishwa nyumbani na dawa ya macho.

Vitu vya kuandaa

Kwa mwenye mbwa: glavu, vikopo vitatu safi vyenye vifuniko vinavyobana, kalamu isiyofutika, na nafasi kwenye friji mbali na chakula (weka vikopo ndani ya mfuko wa pili).

Kwa maabara:

- faneli ya kioo au plastiki, yenye mdomo wa sentimita 10 hivi au zaidi
- mrija laini wa mpira wa kuingia shingoni mwa faneli, urefu wa sentimita 10 hadi 15
- kibanio cha kufunga mrija
- stendi ya kuishikilia faneli isimame wima
- shashi, au kitambaa chepesi cha pamba, na uzi
- mizani ndogo
- maji ya vuguvugu
- mrija wa kioo wa majaribio, dropa, vioo vya hadubini na vifuniko vyake
- iodini ya Lugol
- hadubini yenye lenzi ya 4, ya 10 na ya 40
- mashine ya kuzungusha mirija; ni nzuri ukiwa nayo, ila si lazima

Hatua kwa hatua

1. Andika dawa zote alizopewa. Jina la dawa, kiasi na tarehe, kwa miezi miwili iliyopita. Hapa ndipo penye jibu la yule anayempa mbwa dawa kila miezi mitatu: si kila dawa ya minyoo inamgusa mnyoo wa mapafu. Mchanganyiko wa pirantel na prazikwanteli, ambao watu wengi hutumia kwa minyoo ya tumbo, haumfanyi kitu. Kwa upande mwingine, fenbendazoli, milbemisini na moksidektini zinaweza kupunguza au kukatiza mabuu, na kipimo kikasoma kuwa hana wakati dawa ilianza kazi nusunusu. Kama mbwa hayuko mahututi, chukua sampuli kabla ya kumpa dawa yoyote.

2. Kusanya kinyesi siku tatu mfululizo, kikiwa kibichi. Kati ya hatua zote, hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, na hakuna ufundi wa maabara unaoweza kuirekebisha baadaye.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu mabuu hawatoki kila siku kwa wingi ule ule. Kuna siku wanatoka mamia, kuna siku hatoki hata mmoja.

Kwa nini kibichi? Kwa sababu udongo una minyoo wake wadogo wanaoishi bila kumtegemea mnyama, nao hukivamia kinyesi kilichokaa chini. Chini ya hadubini wanafanana vya kutosha kumdanganya anayeanza. Zaidi ya hapo, mayai ya safura yaliyomo kwenye kinyesi huanguliwa kwenye joto ndani ya siku moja tu, na ghafla una mabuu ambao si wa mapafu.

Kwa hiyo mfuate mbwa. Mara akimaliza, chukua sehemu ya juu, ile ambayo haikugusa ardhi, kiasi cha kijiko kikubwa kilichojaa. Kinyesi ulichokikuta asubuhi uwanjani, hujui ni cha usiku gani wala cha mbwa yupi, kiache. Kitupe inavyopaswa na usubiri kingine.

3. Weka alama, hifadhi kwa baridi, peleka mapema. Jina la mbwa, tarehe, saa. Friji ya kawaida inafaa kwa siku hizo tatu.

*Angalizo:* usigandishe. Usiongeze spiriti wala fomalini. Njia hii inategemea buu aliye hai na mwenye nguvu za kutambaa. Aliyekufa hatatoka kwenye kinyesi, na wewe utaandika "hakuna".

4. Funga faneli na uijaribu kwa maji matupu. Ingiza mrija wa mpira, bana kwa kibanio, simamisha kwenye stendi, mimina maji, subiri dakika 5. Ikivuja, irekebishe sasa, si saa nne za usiku. Kisha minya mrija kwa vidole, ukipandisha kuelekea juu, mpaka mapovu yote yatoke. Povu likibaki shingoni, mabuu hukaa juu yake na hutawaona asubuhi.

Njia hii imepewa jina la Baermann, daktari aliyeieleza mwaka 1917, akitafuta mabuu wa safura kwenye udongo. Alichogundua ndicho tunachotumia mpaka leo: buu akihisi maji na joto hujinyonganyonga na kutoka mahali alipojificha, lakini hajui kuogelea kupanda. Akishaingia kwenye maji, huzama. Faneli inamkusanya tu pale chini.

5. Pima gramu 10 na ufunge kwenye shashi. Tandaza shashi mbili, moja juu ya nyingine, weka kinyesi katikati, kisambaze kiwe bapa, kunja, funga kwa uzi. Usikifinyange kikawa donge gumu. Buu aliye katikati ya donge lililobanwa hana njia. Kinyesi kigumu kilichokauka, kivunjevunje kwanza kwa kijiti.

Kama una faneli tatu, pima kila siku peke yake. Kama unayo moja, chukua sehemu sawa kutoka vikopo vyote vitatu uzichanganye.

6. Tumbukiza kwa upole. Laza kifurushi kwenye faneli, kisha mimina maji ya vuguvugu taratibu kupitia ukingoni mpaka kinyesi kifunikwe. Acha maji yapande yenyewe. Ukimimina juu ya kifurushi, makapi yatashuka yote shingoni na kesho utasoma matope.

*Angalizo:* vuguvugu maana yake nyuzi 25 hadi 30 hivi, maji usiyoyahisi baridi wala moto ukichovya kidole. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliua sampuli nzima kwa maji ya birika niliyodhani yamepoa. Mbwa alikuwa tayari ameanza dawa, hapakuwa na nafasi ya kuchukua nyingine. Tangu siku hiyo natumia kipimajoto.

7. Subiri. Angalau saa 12. Mimi huacha mpaka saa 24. Usitikise, usihamishe, usichungulie kwa kufungua kibanio. Weka mahali pasipo na upepo wala jua kali.

8. Toa maji ya chini. Kinga mrija wa majaribio, legeza kibanio mara moja, pokea mililita 5 hadi 10 za kwanza, funga. Mabuu wote unaowataka wamo humo. Tone la kwanza usilimwage eti ni chafu. Ndilo lenyewe.

9. Kusanya masimbi, yaani mashapo yanayotulia chini. Ukiwa na mashine, zungusha mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa dakika 5. Huna? Simamisha mrija wima kwa nusu saa au zaidi. Kisha nyonya maji ya juu kwa dropa, polepole, ubakize nusu mililita chini.

10. Soma kwanza bila iodini. Weka tone kwenye kioo, funika, anza na lenzi ya 4. Tafuta mwendo kwanza. Buu hai anajikunja na kujinyoosha kama uzi uliotiwa uhai, na jicho linakamata mwendo huo haraka kuliko linavyokamata umbo. Soma uwanja wote, kutoka kona hadi kona, kisha tone la pili, la tatu, mpaka masimbi yaishe. Kuona buu mmoja kwenye masimbi yote kunatosha kusema mbwa ameambukizwa.

11. Ongeza iodini na uangalie mkia. Tone dogo la Lugol pembeni mwa kifuniko linamuua buu na kumpaka rangi ya kahawia. Sasa ametulia, unaweza kumkagua.

Kusoma mkia

Hapa nakuomba usiende mbio, kwa sababu dawa, hofu ya mwenye mbwa na ufuatiliaji wote unategemea utakachokiita kiumbe hiki.

Pima urefu kwanza. Huna kipimo ndani ya lenzi ya macho? Angalia maandishi yaliyo juu yake. Ikiandikwa 10×/18, basi kwa lenzi ya 10 uwanja unaouona una upana wa milimita 1.8. Buu wa mikromita 360 (mikromita 1,000 ni milimita moja) atachukua moja ya tano ya upana huo. Si kipimo kamili, lakini kinakutoa gizani.

Buu wa A. vasorum ana mikromita 310 hadi 400. Kichwani ana kitu kama kifungo kidogo. Mkiani ndipo penyewe: haukunjamani tu, bali una mpindo kama wimbi, na upande wa mgongoni, kabla ya ncha, una kijino kinachochomoza. Mzungushe kwa kusogeza kifuniko taratibu mpaka alale kwa ubavu, maana akilala kifudifudi kijino kinajificha. Panda mpaka lenzi ya 40. Ukikiona mara moja hutakisahau.

Wa Crenosoma ni mfupi kidogo, mikromita 265 hadi 330, na mkia wake unachongoka hadi ncha bila wimbi wala kijino. Wa Oslerus ni mfupi zaidi, mikromita 230 hadi 270 hivi, ana mkia wenye mpindo wa herufi S lakini hana kile kijino. Tena huyu ni mvivu, hata akiwa hai, ndiyo maana faneli humkosa mara nyingi. Kwake, kamera ya kuchungulia njia ya hewa inafanya kazi nzuri zaidi.

Wadanganyifu wanatambulika kooni. Mabuu wa safura, wa Strongyloides (mnyoo mwembamba wa utumbo) na wengi wa minyoo ya udongoni wana umio wenye uvimbe wa mviringo mwishoni, na mikia iliyonyooka. Ukiona wadogo kwa wakubwa pamoja, na wakubwa wamebeba mayai tumboni, hao ni wa udongoni. Sampuli iliokotwa vibaya. Strongyloides usimchukulie kirahisi, anaweza kumwingia binadamu kupitia ngozi. Glavu usizivue mpaka umemaliza kuosha vyombo.

Maana ya majibu

Ukimwona, mbwa anaye. Hapo hakuna mjadala.

Usipomwona kwa siku tatu, bado hujasema hana. Huenda mabuu hawajaanza kutoka, huenda dawa imewakatiza, huenda minyoo ni wachache. Kama dalili zipo, omba daktari afanye kipimo cha damu cha antijeni, kinachotafuta chembe za mnyoo mwenyewe ndani ya damu. Kipo cha haraka kinachofanyika kliniki kwa dakika chache, na kinamlenga A. vasorum peke yake. Nacho huchukua wiki kadhaa baada ya maambukizi kabla ya kusoma, kwa hiyo mbwa aliyemeza koa wiki mbili zilizopita atavikwepa vyote viwili. Kuna pia PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya mnyoo), maji ya kusuuza mapafu yanayosomwa chini ya hadubini, na eksirei ya kifua ya kuona mapafu yamefikia wapi. Mbwa mgonjwa sana hasubiri orodha hii iishe. Daktari anaweza kuamua kumtibu kwa kushuku.

Mambo yanapokwama

*Maji yametoka meusi, sioni kitu.* Shashi ni nyembamba mno au uliitikisa. Ongeza maji safi kwenye mrija, acha yatulie dakika 30, nyonya ya juu, rudia mara mbili.

*Mbwa anaharisha, kinyesi ni maji.* Tandika karatasi laini ya kuchujia ndani ya shashi. Pia weka tone moja la kinyesi chenyewe kwenye kioo usome moja kwa moja. Mbwa mwenye mabuu wengi hujionyesha hapo hapo. Ila kioo hiki kikiwa hakina kitu, hakikuambii lolote.

*Sina faneli.* Tumia glasi inayokwenda ikipungua chini, na chujio la chai juu yake. Weka kifurushi kwenye chujio, maji yafike juu ya kinyesi, subiri muda ule ule, kisha nyonya chini kabisa kwa dropa ndefu.

*Maabara wamepima kwa kuelea kwenye chumvi na kusema hana.* Maji ya chumvi kali huwanyausha mabuu mpaka hawatambuliki. Uliza hasa: mmetumia Baermann, na sampuli ngapi?

*Nimeona mabuu, lakini hawana mwendo.* Ama maji yalikuwa moto, ama sampuli ilikaa mno. Umbo bado linasomeka. Soma mkia, andika ulichokiona, na omba sampuli nyingine ya kuthibitisha.

*Je, mimi na watoto tutaambukizwa?* A. vasorum haambukizi binadamu. Yupo ndugu yake wa panya, Angiostrongylus cantonensis, ambaye ni hatari kwa watu wanaokula konokono au koa wabichi. Watoto wasiwachezee.

Akipatikana naye

Dawa ni kazi ya daktari, na nalisema hili kwa uzito. Usimchome mbwa ivermektini ya ng'ombe. Mbwa wa jamii ya Collie na mchanganyiko wao wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na kipimo kilichokadiriwa kwa macho kimeua mbwa wa aina nyingine pia.

Siku za mwanzo za matibabu mfungie mahali patulivu, matembezi yawe ya haja tu. Minyoo wanapokufa ndani ya mishipa ya mapafu, pumzi inaweza kuwa mbaya zaidi kabla ya kupona. Hesabu pumzi zake akiwa amelala, kwa dakika moja, asubuhi na jioni, uandike. Zikipanda siku hadi siku, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Okota kinyesi kila siku, maana humo ndimo konokono hupata mabuu. Bakuli la maji na midoli viingie ndani usiku. Na kama unafikiria kumwaga punje za sumu ya konokono bustanini, soma pakiti kwanza: zenye metaldehidi humsababishia mbwa mtetemeko na degedege, na ladha yake huwavutia.

Wiki tatu hadi nne baada ya dawa kuisha, rudia faneli kwa sampuli za siku tatu, zikusanywe kwa uangalifu ule ule. Kama kuna mbwa mwingine nyumbani wanaotumia uwanja mmoja, wapimwe pamoja, hata kama huyo wa pili anakimbia na kula vizuri.